Kuku Aatamiapo: Uamuzi wa Siku Tatu za Kwanza

Katika mikutano ya vyama vya msingi ambavyo wanachama wake hufuga kuku, pendekezo la kununua mashine ya kutotolesha vifaranga halikosi mtu wa kulitoa. Pendekezo hilo lina sababu zake, wala halistahili kudharauliwa. Hata hivyo, kabla fedha za wanachama hazijatolewa kununua chombo kinachotegemea umeme usiokatika na mtu wa kukiangalia usiku na mchana, yafaa kuhesabu kwanza ni mashine ngapi za kazi hiyo zimo tayari katika nyua za wanachama wenyewe. Mashine hizo ni mitetea wa kienyeji. Kila mmoja wao, akiwekewa mayai mazuri 12, hufanya kwa muda wa siku 21 kazi ile ile ifanywayo na mashine, na baada ya hapo hulea vifaranga, jambo ambalo mashine haiwezi.

Upungufu wa mtetea ni mmoja: siku ya kuanza kuatamia huichagua yeye, na mfugaji kwa desturi hufuata tu. Matokeo yake ni kwamba kaya moja huwa na vifaranga sita wa wiki mbili, wanne wa miezi miwili, na mtetea mwingine ameketi juu ya mayai saba uvunguni. Hapo hakuna kundi linaloweza kuchanjwa pamoja, kulishwa pamoja wala kuuzwa pamoja. Makala hii inaeleza jinsi mfugaji anavyoweza kuutwaa uamuzi huo kutoka kwa kuku, na kwa nini hana budi kuufanya mapema, katika siku mbili au tatu za kwanza.

Mfano unaochukuliwa hapa ni wa Mkuyuni, katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, kando ya barabara itokayo Morogoro mjini kuelekea Matombo na Kisaki. Upande huo wa milima hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, na mashamba ya ndizi, mahindi na muhogo yamepanda mlimani, mara nyingi mbali na nyumba. Kuku hufunguliwa asubuhi, wenyewe hujitafutia chakula, na jioni hurudi. Mwenye kuku naye yuko shambani. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mfugaji wa huko hulikosa ni habari: hajui mtetea ameanza kuketi lini, na wakati mwingine hajui hata ameketi wapi, mpaka amwone akitoka vichakani na vifaranga watano.

Kwa nini kuku huatamia

Wapo wasemao kwamba kuku aliyekataa kutoka kiotani ni mvivu, na wapo wamwonao mgonjwa. Si mvivu wala si mgonjwa. Mwilini mwake imeongezeka homoni iitwayo prolaktini, itolewayo na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni hii husimamisha utagaji, hupunguza hamu ya kula, na humfanya kuku apende kukaa juu ya mayai. Mambo yanayoichochea ni ya kuonekana kwa macho: mayai kurundikana mahali pamoja, giza, utulivu, na ngozi ya kifua kugusana na mayai. Kadiri kifua kinavyoendelea kuyagusa mayai, ndivyo homoni inavyoendelea kutoka. Jambo hili ndilo ufunguo wa yote yatakayoelezwa baadaye. Mfugaji anayeondoa mayai, giza na joto la kiota huondoa sababu ya kuku kuketi, na anayeviacha mahali pake humwongezea kuku nia ya kuendelea.

Manyoya ya tumboni mwa mtetea anayeatamia hupukutika, ngozi ikabaki wazi na kujaa mishipa ya damu, ili joto lipite moja kwa moja hadi kwenye yai. Joto la mwili wa kuku ni karibu nyuzi 41 za Sentigredi, na yai lililo chini yake hufikia karibu nyuzi 38. Mtetea huyageuza mayai mara nyingi kwa siku. Asipofanya hivyo kiumbe kilichomo hugandamana na utando wa ndani na kufa. Kwa kawaida hutoka mara moja kwa siku, kwa dakika 15 au 20, akala, akanywa, akatoa kinyesi kikubwa chenye harufu mbaya, kisha akarudi. Hukonda katika siku hizo 21, na kishungi chake hupauka.

Si kila kuku aliye na tabia hii. Kuku wa kisasa wa mayai, kama vile Leghorn mweupe, walichaguliwa kizazi hadi kizazi kwa utagaji, na wale waliopenda kuketi waliondolewa. Kwa hiyo hutaga mayai 250 na zaidi kwa mwaka, lakini vifaranga wao hutoka mashineni. Huko Misri watu walijenga matanuri ya udongo ya kutotolea mayai zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwa hiyo wazo lenyewe la kumpumzisha mtetea si jipya. Hata kuku chotara waliosambaa nchini, kama Kuroiler na Sasso, huatamia kwa nadra. Mwanachama aliyeuza mitetea wake wote wa kienyeji ili anunue hao amejipatia mayai na nyama zaidi, ila ajue kwamba mashine yake ya kutotolesha ameiuza pamoja nao.

Hesabu ya mtetea mmoja

Uchunguzi wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao, uliofanywa vijijini katika sehemu tatu zenye hali ya hewa tofauti na kuchapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba mtetea wa kienyeji hutaga kwa wastani mayai 11.8 kwa mkupuo mmoja. Kati ya mayai yaliyoatamiwa, asilimia 83.6 yaliangua. Kati ya vifaranga walioanguliwa, waliofikisha wiki kumi walikuwa asilimia 59.7.

Tarakimu hizi zastahili kutazamwa kwa makini. Mayai 12 hutoa vifaranga kumi, na kati ya hao kumi hubaki sita. Kazi ya mtetea, yaani kuatamia, ina hasara ndogo. Ni vigumu kwa mashine iliyo mikononi mwa mtu asiyezoea kufikia asilimia 83. Hasara kubwa iko baada ya kuangua, wakati ambapo kazi ni ya mfugaji. Chama kitakachonunua mashine bila kurekebisha malezi kitakuwa kimeongeza idadi ya vifaranga wanaoliwa na mwewe.

Ipo hasara nyingine isiyoonekana katika tarakimu hizo, nayo ni muda. Mtetea hutumia siku zipatazo 18 kutaga mayai yake 12, siku 21 kuatamia, kisha, akiachwa, huzunguka na vifaranga wiki kumi au 12, na baada ya hapo hupumzika kidogo kabla ya kutaga tena. Mzunguko mzima hukaribia miezi minne, ndiyo maana kuku wengi wa kijijini hutaga mikupuo mitatu tu kwa mwaka. Vifaranga wakitengwa na mama yao wakiwa na wiki nne, na mama akalishwa, mzunguko hupungua hadi siku 80 hivi, na mkupuo wa nne hupatikana.

Siku tatu za kwanza

Dalili ya kwanza huonekana jioni, wala si mchana. Mtetea anayetaga huingia kiotani mchana, hutaga, hulia, na jioni hupanda kulala na wenzake. Anayetaka kuatamia hubaki kiotani usiku. Akisogelewa hufura manyoya, hutoa sauti nzito ya kukoroma na hudonoa mkono. Kwa hiyo mfugaji aliyeshinda shambani hahitaji kukaa nyumbani kumchunguza; inatosha kupita na taa viotani kila usiku kabla ya kulala.

Akimwona kuku yumo kiotani kwa usiku wa pili mfululizo, mfugaji ajiulize anataka nini: vifaranga, au mayai? Akitaka vifaranga, ampe mtetea mayai ya bandia mawili au matatu kwa siku mbili, yaani mayai viza, yaliyochemshwa, au mawe laini ya ukubwa huo, ili ahakikishe kwamba kuku ameketi kwa dhati ndipo amwekee mayai mema. Akitaka mayai, amwachishe mara moja. Jibu baya ni la tatu, nalo ndilo la wengi: kumwacha akae juu ya kiota kitupu, au juu ya mayai manne huku kuku wengine wakiendelea kutaga humo humo. Kuku wa namna hiyo hukaa wiki tatu, nne, hata tano, hakonda bure tu bali huyaharibu na mayai ya wenzake, kwa sababu mengine yameanza kuumbika jana na mengine juma lililopita. Wa kwanza wakianguliwa, mama huondoka nao, na mengine yote hupoa na kuoza.

Namna ya kumwachisha

Desturi za kumwachisha kuku ni nyingi. Wako wanaomtumbukiza katika maji baridi, wako wanaompitishia unyoya puani, wako wanaomfunga kitambaa mkiani au kamba mguuni, na wako wanaomnyima chakula. Njia hizi humtesa kuku kuliko zinavyomsaidia. Maji humpoza kifua kwa saa moja, lakini yeye hurudi kiotani akiwa ameloa, na katika baridi ya Juni na Julai milimani huweza kufa kwa kichomi. Kumnyima chakula ndiyo mbaya kupita zote, kwani kuku aliyekonda hawezi kutaga hata akiisahau kabisa haja ya kuatamia.

Njia inayofaa hufuata sababu iliyoelezwa hapo juu, yaani kuondoa joto, giza na mguso wa mayai. Mtetea awekwe peke yake katika tenga ambalo sakafu yake ni fito zilizoachana kidogo, nalo liinuliwe juu ya mawe au litundikwe ili hewa ipite chini ya tumbo lake. Asiwekewe nyasi wala kitu cho chote cha kulalia. Tenga likae kivulini mahali penye mwanga, karibu na wenzake, na humo apewe maji na chakula cha kutosha. Aliyeanza kuketi jana au juzi huacha kwa siku tatu au nne. Aliyeachwa wiki nzima huhitaji siku zaidi. Kipimo ni kumfungua alasiri. Akipanda kulala na wenzake, amekwisha acha. Akikimbilia kiotani, arudishwe. Baada ya hapo hupita wiki moja hadi tatu kabla hajataga tena, kwa kadiri ya lishe yake na muda aliokuwa ameketi.

Ni lazima isemwe wazi kwamba kumwachisha kuku mara kwa mara hakumfai mfugaji asiyelisha. Mtetea anayejitafutia peke yake hana akiba ya kutosha mwilini kutaga mfululizo. Akiachishwa kila mara hubaki bila mayai na bila vifaranga. Mwenye kutaka mayai zaidi aandae pumba, chenga za mahindi, dagaa au mchwa, majani mabichi, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa.

Kuwaketisha pamoja

Faida kubwa ya kuujua uamuzi wa siku tatu ni kuweza kuwaketisha mitetea kadhaa siku moja. Jambo hili huwezekana kwa sababu yai halianzi kukua sawasawa mpaka lipate joto la mama. Likiwa mahali penye ubaridi chini ya nyuzi 20 hivi, uhai uliomo husimama ukingoja. Ndiyo maana mtetea hutaga mayai 12 kwa muda wa wiki mbili na zaidi, na bado yote huangua karibu siku moja.

Mfugaji mwenye mitetea watatu waliokaribiana kutaga aanze kwa kuokota mayai kila siku, akiacha kiotani yai moja tu lililotiwa alama, ili kuku asihame kiota. Kila yai liandikwe tarehe kwa kalamu ya risasi. Mayai yasioshwe, kwa sababu maji huondoa utando unaozuia vijidudu kuingia. Yahifadhiwe ncha nyembamba ikiwa chini, katika chungu chenye mchanga mkavu au pumba, nacho kikae mahali penye ubaridi zaidi ndani ya nyumba. Kuyaweka darini chini ya bati ni kosa kubwa: joto la huko mchana hutosha kuamsha uhai wa yai, lakini halitoshi kuukuza, nao hufa kabla mtetea hajaguswa. Yai lililopita siku 14 liliwe au liuzwe, lisiwekwe chini ya kuku.

Mtetea wa kwanza akianza kuketi, apewe mayai ya bandia na kulishwa vema, angojee. Anaweza kungoja hivyo juma moja, hata siku kumi. Wa pili naye afanyiwe hivyo. Wa tatu akishaketi, mayai ya bandia yote yaondolewe usiku mmoja na badala yake yawekwe mayai mema, 12 kwa kila mmoja; mtetea mdogo, kama aina ya Ching'wekwe inayojulikana Morogoro, apewe kumi. Kazi hii ifanywe usiku kwa sababu kuku haoni gizani na hatasumbuka. Akihitaji kuhamishwa mahali, naye ahamishwe usiku.

Kiota kiwe na upana wa sentimita 35 hivi, kiwe na ukuta wa kuzuia mayai yasibingirike, na nyasi kavu laini. Chini ya nyasi inyunyizwe majivu, na wazee wengine huongeza majani makavu ya tumbaku, kwa ajili ya utitiri, chawa na viroboto. Mtetea anayeatamia hawezi kujitifua mchangani kama wenzake, na wadudu humla mpaka ayaache mayai usiku wa kumi na tano. Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Lakini kuku anayekosa maji na chakula karibu na kiota huenda mbali kukitafuta, hukawia, na mayai hupoa, na mwenye njaa kabisa huyala. Maji na punje za mahindi viwe hatua chache kutoka kiotani.

Siku ya saba mayai yapimwe usiku kwa tochi, yakishikwa juu ya tundu la karatasi iliyoviringishwa. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotanda kama miguu ya buibui. Lililo tupu hubaki jeupe. Yaliyo matupu yaondolewe. Mayai mazima ya mitetea watatu yakipungua sana yanaweza kukusanywa chini ya wawili, na wa tatu akaachishwa kwa tenga. Kuanzia siku ya 18 kiota kisiguswe. Vifaranga hutoka siku ya 20 na ya 21; yai ambalo halijaangua siku ya 23 litupwe mbali.

Vifaranga na malezi yao

Mitetea watatu wenye mayai 36, kwa kiwango cha uchunguzi uliotajwa, hutoa vifaranga 30. Usiku wa siku ya kuangua, vifaranga wa mtetea mmoja wagawiwe wenzake wawili, 15 kwa kila mmoja, wakiingizwa chini ya mbawa gizani. Mama hatawatambua kuwa si wake, mradi wawe na umri sawa na wake. Yule wa tatu arudi kwenye utagaji baada ya kulishwa vizuri. Wasichaguliwe kwa bahati: alelewe na mkali, arudishwe kutaga yule mwoga.

Kifaranga hutoka na akiba ya kiini tumboni inayomtosha siku mbili, hivyo hakuna sababu ya kuharakisha kumtoa mama kiotani. Baadaye wapewe chenga laini, dagaa waliosagwa, na maji katika sahani yenye kokoto ili wasizame.

Kwa wiki nne za kwanza mama afunikwe kwa tenga uani. Hapa ndipo penye tofauti ya vifaranga sita na vifaranga wanane katika kila kumi, na mianzi ya kufumia matenga si ya kununua mjini. Mama akiwa ndani ya tenga, vifaranga hupita kati ya fito, hutoka, huparua karibu, na mwewe akitokea mama huwaita nao hurudi ndani. Mama aliye huru huwavuta mpaka migombani, na huko wapo nguchiro, kicheche na kenge. Tenga pia huwazuia wasiburuzwe katika majani yenye umande, kwani kifaranga aliyeloa hufa kwa baridi hata bila ugonjwa. Usiku wote waingizwe ndani.

Wakifika wiki nne, manyoya yao yamekwisha ota, na katika vijiji vya chini wanaweza kutengwa na mama, mradi wakae wengi pamoja mahali pasipopita upepo. Katika vijiji vya juu zaidi, kama vya Tegetero, ambako usiku wa Julai una baridi kali, wakae naye mpaka wiki ya sita.

Ugonjwa wa kideri hauna dawa ya kuuponya, na huweza kuua karibu banda zima katika juma moja. Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo za zamani na inayotengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kuku mkubwa na kwa kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mitetea wachanjwe kabla ya kuketishwa. Chupa moja ina matone ya kutosha kuku wengi kuliko walio katika ua mmoja, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Kaya moja ikinunua peke yake humwaga sehemu kubwa. Kaya 15 zenye vifaranga wa umri mmoja huimaliza asubuhi moja. Hili ni jambo ambalo chama cha msingi hulifanya kwa wepesi, na ambalo mtu mmoja mmoja hulikwepa kwa sababu ya gharama.

Sehemu ya chama

Vifaranga wa tarehe moja ndio mali inayoweza kuuzwa kwa pamoja. Mnunuzi atokaye Morogoro mjini hapandi mpaka Mkuyuni kwa ajili ya majogoo wanne wa nyumba moja, ila kwa ajili ya 80 huja, na bei huzungumzwa na chama badala ya kila mama kuitwa kando kivyake. Kwa kuwa kuku wa kienyeji huhitaji miezi sita hivi kufikia uzito wa kuuzwa, waliotoka mayai mwanzoni mwa Juni huwa tayari Desemba, wakati ambapo wanunuzi ni wengi. Vilevile Juni masika huwa yamekwisha, na vifaranga huepuka matope ya Aprili. Hatari inayobaki ni kideri cha kiangazi, ambacho chanjo huzuia.

Ipo pia desturi ya zamani ya jirani kumpa jirani mayai ayaweke chini ya mtetea wake, kisha wagawane vifaranga. Ni desturi nzuri, nayo huwafaa hasa wanachama wasio na mtetea aliye tayari. Tena huleta damu ngeni katika kundi ambalo jogoo na mitetea wamekuwa ndugu. Lakini ugomvi wake hufika mpaka kwenye meza ya katibu. Mwenye mayai hukumbuka alitoa kumi, mwenye kuku hukumbuka alipokea manane, na viza hazina mwenyewe. Yaandikwe katika daftari siku ile ile: idadi ya mayai, alama iliyotiwa, tarehe, kiwango cha kugawana, na kwamba hasara ya yai lililo tupu ni ya mwenye yai, ilhali hasara ya kifaranga aliyekwisha anguliwa ni ya wote wawili.

Katika daftari hilo hilo chama kiandike, kwa kila mwanachama, idadi ya mitetea, tarehe ya kila mmoja kuanza kutaga, mayai yaliyowekwa, yaliyoangua, na vifaranga waliofikisha wiki kumi. Orodha ya namna hiyo ya mwaka mmoja itauonyesha mkutano mkuu kama kijiji kina upungufu wa kutotoa au upungufu wa malezi, na hapo ndipo pendekezo la mashine lijadiliwe. Chama kinachotaka vifaranga wa Juni kianze kuandikisha katikati ya Aprili. Mtetea anayeanza kutaga wakati huo atakuwa tayari kuketi mwanzoni mwa Mei, na wiki moja inayofuata ni ya kuwangojea waliochelewa, huku waliotangulia wakiwa juu ya mayai ya bandia.